Neno Alilopewa Generoza

Harufu ya dagaa wanaoanikwa mchangani Kibirizi, kando ya ziwa, huingia mpaka kwenye daftari. Mwaka ule Warundi waliposhuka kila siku kwa boti kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani walikokimbilia, madaftari yetu ya darasa la tano yalinuka hivyo, na dawati langu nililikalia pamoja na Generoza, msichana aliyefika na mama yake wakiwa na furushi moja. Mama yangu aliwapa chumba cha uani. Mama yake alianika dagaa wetu, naye Generoza alinisuka nywele jioni, kichwa changu magotini pake, huku akinifundisha hesabu za sehemu ambazo mimi zilinishinda. Alikuwa na akili ya kuogopesha. Kiingereza tu ndicho alikuwa hajakigusa, maana kwao walisoma Kifaransa, na Kiswahili chake kilijaa Kirundi, ambacho sisi Waha tulikielewa bila tabu.

Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye pia alitufundisha Kiingereza, alitoka pwani na hakuelewa Kirundi. Alikuwa na neno alipendalo, dull. Siku moja alituandikia maana zake ubaoni kwa furaha ya mtu anayeonyesha mali: kisu kisichokata, anga la mawingu, rangi iliyofifia, maumivu yasiyo makali lakini hayaishi, siku isiyo na jambo. Ya mwisho, mtu mzito wa kuelewa, hakuiandika. Alimnyooshea Generoza chaki. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, tena kwa sauti. Tangu hapo aliitwa Dali hata na watoto wa darasa la kwanza.

Muda si mrefu tukatangaziwa kwamba watoto wa wakimbizi wasioweza kwenda sambamba na wenzao watarudishwa darasa la pili. Jaribio la hesabu ndilo lingeamua. Generoza alilifanya akamaliza kabla ya wote, nami nikanakili kila kitu, hata kosa lake moja. Mwalimu akatuita mbele, akatuuliza nani kamwibia mwenzake. Generoza aliinamisha macho. Kwetu na kwao, mtoto aliyepewa pa kulala hamshitaki mtoto wa mwenye nyumba mbele za watu, na mkubwa anayekukaripia humtazami usoni. Mwalimu aliyaona yale macho akadhani anaona hatia. Mimi nilijua. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nilisema.

"Ni yeye, Mwalimu."

"Kweli wewe umeiba?" akamuuliza.

"Ego," Generoza akajibu, yaani ndiyo. Neno hilo moja la Kirundi mwalimu alilielewa.

Majuma matatu alikaa darasa la pili, magoti yakigonga dawati, akiimba a, e, i, o, u na watoto waliomfika kiunoni. Kisha akaacha kuja. Nyumbani hakunisema kwa mtu yeyote, na hilo lilinikera kuliko kama angenichapa. Lori la kwenda kambini lilipokuja, alikuwa amenisuka upande mmoja tu wa kichwa. Akaketi, akaumalizia wa pili, ndipo akaenda kupanda. Sikumwomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, umri wa kutosha kabisa.

Leo mimi ni mwalimu hapa Ujiji. Shule ina vioo madirishani na vitabu vya kutosha, na watoto wa Kirundi bado wapo, wanainamisha macho wanapoulizwa. Mwezi uliopita, katika kikao cha walimu, mwenzangu kijana alisema watoto hawa ni wazito, afadhali watengwe darasa lao. Mwalimu mkuu akanigeukia. "Dada, wewe ulisoma nao. Ni kweli ni wazito?"

Walimu wote walikuwa wananisubiri, kalamu mkononi.

"Baadhi yao," nikasema, na katibu wa kikao akaliandika jibu langu.