Tandiko Tupu Njia ya Bangwe

Sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, jua likiwa utosini, na akili zangu zote zilikuwa kichwani. Kama ningekuwa natunga, ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii niliyopata. Nani anatunga kisa cha kujiaibisha mwenyewe?

Watu wa mbali wakisikia habari za farasi Kigoma hucheka. Lakini walikuwepo, watano, na zizi lao lilikuwa Gungu, nyuma ya nyumba ya Mzee Feruzi. Watatu aliachiwa na mzungu mmoja wa kazi za barabara aliyerudi kwao, na wawili aliwaleta mwenyewe kwa treni kutoka Tabora. Sisi tuliowapanda tulikuwa saba. Alikuwepo mwalimu, alikuwepo fundi cherehani, alikuwepo Dada Joha muuza vitenge, na mimi fundi baiskeli nilikuwa mdogo kuliko wote. Hatukubeba mizigo wala hatukushindana. Tulipanda kwa kupenda tu. Siku za kazi kila mtu alileta majani kwa zamu, na Jumapili tuliteremka hadi Bangwe, tukawaingiza farasi ziwani mpaka magotini, tukala muhogo na dagaa, tukarudi.

Mimi ni mtu wa haya. Nimesoma mpaka darasa la saba, na katika miaka yote ile mwalimu alisikia sauti yangu mara chache. Mtu akinisemesha, namtazama miguu. Juu ya farasi ndipo nilipopumua, kwa sababu huko watu humtazama farasi, hawakutazami wewe. Ndivyo nilivyodhani.

Mzee Feruzi alikuwa na masharti yake. Moja ni hili: farasi akiongozwa bila mtu, vile vikuku vya kukanyagia lazima vipandishwe na kufungwa juu ya tandiko. Visining'inie. Mwalimu alisema ni kwa sababu vinampiga farasi mbavuni. Mzee alikubali, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na tandiko tupu lenye vikuku chini linakaribisha. Usimkaribishe usiyemjua."

Jumapili hiyo Dada Joha alibaki Bangwe kwa dada yake aliyejifungua. Wenzetu walitaka kuzungukia Ujiji, nami nikaambiwa nimrudishe Gungu farasi aliyempanda Joha, jike la kijivu lililoitwa Zawadi. Mimi nilikuwa juu ya Kaptula, dume mwekundu mwenye miguu myeupe kuanzia magotini, kama mtu aliyevaa kaptula.

"Bwana harusi huyo!" Joha alipiga kelele mbele ya kina mama waliokuwa wakianika dagaa. "Kapata jike lake, hamsemeshi hata yeye!"

Kina mama wakacheka. Masikio yangu yalipata moto. Nikaidaka kamba ya Zawadi nikaondoka haraka haraka, na vikuku sikuvifunga. Nilikumbuka nikiwa nimeshaanza kupanda kilima. Ningeweza kushuka. Sikushuka, maana kina mama walikuwa bado wananiona.

Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita Kongo. Mashua zilitoka ng'ambo zimejaa, nyingine zilishusha watu popote penye mchanga, usiku, zikageuka. Waliofika walipelekwa kwenye uwanja mmoja uliozungushiwa seng'enge, wakaandikwa majina, kisha malori yakawachukua kwenda kambini. Tulizoea. Naona aibu kuandika kwamba tulizoea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi pale njia inapopinda, penye jiwe kubwa na michikichi mitatu, palikuwa na mama mzee amekaa chini. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, na fimbo yake ilikuwa fito iliyochongwa majuzi tu.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Jambo, mutoto wangu." Sauti yake ilikuwa ya Kongo. "Muguu umekatala. Wenzangu walienda mbele. Ule farasi yako ingine hana mutu. Nipandishe, unifikishe ku uwanja."

Unajua Zawadi alikuwa farasi wa namna gani? Watoto wa Gungu walipita chini ya tumbo lake wakicheza, naye akawa ametulia anatafuna. Lakini mimi niliwaza njia yote ya kupita, soko, maduka, uwanja wenyewe. Niliwaza watu wakinitazama ninavyomkokota mkimbizi mzee aliyelowa kama harusi ya kichekesho. Nilimsikia Joha na maneno yake kabla hajayasema.

Nikasema, "Huyu anapiga mateke, bibi. Atakuangusha."

Alimtazama Zawadi. Zawadi alikuwa amesinzia, mdomo wa chini umelegea. Yule mama alijua. Naapa alijua. Lakini hakunibishia.

"Ni sawa, mutoto. Basi umuambie mujukuu wangu, Furaha, eko kule ku uwanja. Umuambie koko wake eko hapa ku jiwe. Atakuja."

"Nitamwambia," nilisema. Kwao koko ni bibi.

Nikaenda. Hatua kama mia hivi, kamba mkononi mwangu ikawa nzito. Nilidhani Zawadi amesimama kula majani. Lakini alikuwa anatembea, ila mwendo wake ulikuwa umebadilika. Mtu asiyepanda hawezi kuujua mwendo huo. Farasi mtupu hutembea akitupatupa kichwa, mgongo umelegea. Farasi mwenye mtu huushika mgongo, huweka miguu kwa hesabu. Zawadi alitembea kama mwenye mtu. Na ngozi ya tandiko ililia, kri, kri, kama inavyolia chini ya mwili.

Sikugeuka. Niliimba moyoni, nikatazama masikio ya Kaptula tu.

Tulipofika kwenye lango la uwanja, Zawadi alisimama. Nikavuta kamba. Akachimbia miguu. Ndani ya seng'enge watu walikuwa mamia, wamekaa, wamesimama, wanapika, na wote, niamini, wote niliona kama wananitazama mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka na kuita jina moja. Furaha. Mtoto wa miaka mitatu anaweza. Nikajiambia nitarudi baadaye, watu wakipungua.

Nikachukua ncha ya kamba nikamchapa Zawadi usoni. Sijawahi kumpiga farasi kabla ya siku hiyo. Nikamchapa tena.

Watoto walikuwa wamening'inia kwenye seng'enge wakitazama. Mmoja, kavulana kenye shati la mtu mzima, akaniuliza, "Kaka, mbona unamupiga na ule mama eko juu?"

Nikageuka.

Nimeshasema kwamba mimi watu nawatazama miguu. Niliona miguu miwili ndani ya vikuku. Nyayo zimepasuka, kucha zimeingia udongo, ule wa kushoto umevimba, na pindo la kitenge likidondosha maji juu ya vumbi, tone kwa tone, na vumbi likilowa kweli. Ningeinua macho kidogo tu ningemwona usoni. Sikuinua. Hata hapo, mbele ya jambo kama hilo, niliona haya kumtazama.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye aibu yangu yote. Sikukimbia kwa woga. Ningekimbia, ningejisamehe. Nilimpiga Zawadi mara ya tatu, nikampitisha na mzigo wake mbele ya lango lile, na nyuma yangu nikasikia sauti ya msichana ikiita, "Koko! Koko!" nikaendelea mpaka Gungu.

Zizini hapakuwa na mtu. Nilipogeuka, tandiko lilikuwa tupu. Nililivua, na kabla sijamwosha Zawadi, Mzee Feruzi akaingia kutoka Ujiji. Alimtazama yule farasi mgongoni, akasogea karibu.

Tandiko tupu haliachi jasho la namna ile. Yeyote anayefuga farasi anajua. Chini ya tandiko lisilo na mtu mgongo hubaki karibu mkavu. Jasho la safari ya Joha lilikuwa limekauka Bangwe, lakini sasa mgongo wa Zawadi ulikuwa umelowa wote, alama imekaa kama imechorwa, na upande wa kushoto ilikuwa imezama zaidi.

"Mtu mwepesi," Mzee alisema, akipitisha kiganja. "Ameegemea kushoto. Umempandisha nani?"

"Hakuna mtu, Mzee."

"Vikuku ulivifunga?"

Nilitazama chini.

Sikurudi uwanjani jioni hiyo. Nilijiambia kwamba yule mama si mtu, ni kitu cha njiani kilichotaka kunichezea, na kitu cha njiani hakina mjukuu. Maneno mazuri, sivyo? Yalinilaza usingizi.

Asubuhi tulikuwa zizini tukikata majani. Akaja msichana, umri wangu hivi, miguu imejaa vumbi, akanielekeza kidole moja kwa moja.

"Ni huyu. Kaka, jana ulipita na koko wangu juu ya farasi ya kijivu. Nilikuita, hukusimama. Nikasema Mungu asifiwe, wanamupeleka hospitali. Ndiyo sikuenda kumutafuta. Sasa hospitali nimetoka huko, hayuko. Mulimuweka wapi?"

Wote wakanigeukia. Mzee Feruzi aliweka panga chini.

"Sikumpakia mtu," nilisema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Lakini ulimuona?"

"Sikumwona."

Dada Joha, aliyekuwa amerudi usiku kutoka Bangwe, akacheka, si kwa ubaya. "Huyu, mdogo wangu? Huyu hajawahi kusalimia hata kuku. Ampakie mtu, apite naye mjini? Umemfananisha. Pole sana. Una njaa? Njoo unywe uji."

Furaha hakutaka uji. Alinitazama, na mimi nikatazama miguu yake. Mwalimu akamwelekeza zahanati moja, na nyingine iliyo njia ya Mwandiga. Akaenda huko, mbali na jiwe, kwa sababu yangu.

Jumatano kina mama wa dagaa walimkuta yule mzee nyuma ya jiwe lile, amelala ubavu, fimbo mkononi. Amekufa. Nilikwenda pamoja na watu. Nilitaka kusikia kwamba alikufa siku ile ile ya Jumapili, saa saba, punde baada ya mimi kupita. Unanielewa? Ningesema niliyempitisha alikuwa mzimu, na mzimu hauokolewi.

Lakini mama mmoja alisema, "Juzi jioni nilisikia mtu anakohoa huku. Nikadhani ni mvuvi." Juzi jioni ilikuwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi ndiyo Furaha alisimama mbele yangu akiniuliza.

Kwa hiyo aliyekaa juu ya Zawadi hakuwa maiti. Alikuwa bado anapumua pale kwenye jiwe, anasubiri mjukuu, na hapo hapo alikuwa nyuma yangu, juu ya farasi, anajaribu kufika. Jambo hilo linawezekanaje? Nimemuuliza shehe, nimemuuliza padri. Kila mmoja alinipa jibu lake, na mimi nalala na langu.

Tulimzika siku hiyo hiyo, Furaha akiwepo, nami nikajificha nyuma ya watu. Baada ya wiki malori yalikuja kuwachukua wakimbizi. Nilikwenda uwanjani kwa miguu, nikaita jina la Furaha langoni mara mbili, na sauti yangu ilitoka vizuri tu. Alikuja. Nilimwambia yote, jiwe, uongo wa mateke, kamba, miguu ndani ya vikuku.

"Ulikuwa unaogopa nini?" aliniuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

Niliwatafuta kichwani. Wale mamia walionitazama siku ile, sikuukumbuka uso hata mmoja. Dereva akapiga honi. Furaha alipanda lori bila kuniaga. Sikuwahi kumwona tena, na sina haki ya kutaka kumwona.

Wenzangu bado wanateremka Bangwe kila Jumapili. Mimi naleta majani, naosha, narudi nyumbani. Sipandi. Nimejaribu mara tatu. Farasi yeyote nikimwekea tandiko, kabla sijainua mguu, mgongo wake unazama kidogo kama unavyozama akipokea mtu. Mzee Feruzi ameona, amenikataza kugusa matandiko, na hakutaka kujua sababu. Dada Joha ndiye nilimweleza. Tangu hapo hanitanii tena, na kumbe utani wake ndio uliokuwa salamu pekee niliyopata kila siku.

Nawe unayesoma, ukiagizwa neno na mtu aliyekaa njiani, lifikishe siku hiyo hiyo, hata kama watu wote wa soko wanacheka. Usipolipeleka wewe, atakwenda mwenyewe, na hujui atapanda nini.