Kuni Zilizotupwa Kijitoni

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, pipa langu la kuchemshia machikichi limejaa pomoni na chini yake majivu matupu. Mwanangu, usiniambie nikae nitulie. Tangu niliposikia umenunua mashine ya kukamulia mawese na kuagiza lori la kuni kutoka mlimani Kalinzi, kiti kinanichoma.

Nilikuwa msichana mwepesi wa mikono, mama ameniachia kazi yake, na nilitaka Ujiji nzima ijue. Nikanunua machikichi ya watu wengi kwa mpigo. Kuni nilijua zitashuka mlimani na mwenye baiskeli kama kawaida. Siku hiyo akafika mikono mitupu.

"Dada, miti ya karibu imekwisha," akasema huku akifuta jasho. "Labda kesho kutwa."

Kesho kutwa! Machikichi yakishavunwa hayana subira, mwanangu. Yakilala sana mafuta yanakuwa makali, na maharage ya mafuta makali hata mwenye njaa huyasukuma pembeni.

Nikahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa jirani hakuna, ng'ambo hakuna. Nikaishia kwa shangazi yangu, Bi Tatu, ambaye naye alikuwa mkamuaji. Kwake moto unanguruma na kuni sizioni. Alikuwa akilisha jiko makapi, yale manyuzi yanayobaki machikichi yakishakamuliwa, ameyaanika mpaka yamekauka. Ya kwangu nilikuwa nayamwaga kijitoni, maana wengi tulifanya hivyo, na wanawake wa bondeni walishaanza kunisonya kwa jinsi maji yalivyonuka.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuomba kuni."

Alinitazama kwanza. "Kuni zako umezitupa kijitoni, halafu unazitafuta kwangu? Marahaba."

Nilikasirika, sikufichi. Nikaona ananisimanga. Lakini akanijazia makapi kwenye magunia, na yalitosha kuchemsha sehemu tu ya mzigo. Machikichi mengine yakalala. Mama lishe mmoja wa sokoni, mteja wa mama tangu sijazaliwa, alionja mafuta yangu kwa ncha ya kidole, akatema, akavuka barabara kwenda kwa shangazi. Sikumwona tena mwaka ule. Mafuta yakaishia kwenye sabuni, na mimi nikalia mbele za watu.

Sasa wewe utaniambia mazingira ni maneno ya semina. Mimi nakuambia biashara. Kuni zikipanda bei nawe utapandisha, na mteja atakukimbia. Anayechoma makapi yake hata habari hana. Na kijito ukikichafua, kesho utachemshia maji gani? Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mlima wa Kalinzi nao ni buyu, tena tumeshauchovya sana.

Kwa hiyo anika makapi yako. Maji machafu ya kuchemshia yachimbie shimo mbali na kijito. Panda miti ungali na nguvu, kwa siku ambazo makapi hayatatosha. Na lile lori, mpigie dereva sasa hivi umwambie asipakie. Mimi nasimama hapa hapa mpaka nisikie simu inaita.

Mungu akupe moto usiozimika na kijito kisichonuka, na wanaovuka barabara wawe wanakuja kwako.