Nilivyomnunua Farasi kwa Sheria za Ng'ombe

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana nikianza huku mnacheka nitashikwa na hasira niache katikati, na habari hii ikiachwa katikati naonekana mjinga zaidi ya nilivyokuwa (na nilikuwa mjinga wa kutosha, asanteni). Aibu niliyoipata Jumapili ile hapa Gisenyi haijaisha mpaka leo. Nikipita sokoni watu wananiuliza habari za farasi wangu kabla hawajaniuliza habari za mama yangu mzazi.

Mimi natengeneza simu, nina kibanda karibu na Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpakani, na mtu akidondosha simu yake akivuka kwenda Goma au akirudi, huyo ndiye riziki yangu. Basi simu hizo hizo ndizo zilizoniponza. Kuna mchezo mmoja wa mtandaoni wa mbio za farasi: unapewa zizi, unaingia mnadani, unanunua farasi, unamlisha, unamtafutia mtu wa kumpanda, halafu siku ikifika anashindana na farasi wa wengine na nyote mnatazama. Farasi wote wamo ndani ya simu, hakuna hata mmoja anayenuka, lakini ukishindwa usingizi unakukimbia kama umefiwa. Upande wa Gisenyi tulikuwa mimi na rafiki yangu Hasani, fundi cherehani, mtoto wa mjini, ukoo wao wamefanya biashara hapa tangu enzi za babu zao. Upande wa Goma alikuwa Patient, jamaa mwenye mdomo usiojua kupumzika, ambaye akitushinda hatumi ujumbe, anavuka mpaka mwenyewe kuja kutucheka uso kwa uso.

Tukapatana Jumapili moja tumalize ubishi, farasi mmoja wa Gisenyi na mmoja wa Goma, tutazame wote kwenye televisheni kubwa ya duka la maziwa lililo karibu na soko. Farasi wangu wa zamani alikuwa amezeeka, kwa hiyo nikapewa kazi ya kununua mpya. Hasani alinionya, sindano mkononi:

"Bon, sikia Inno. Kila farasi iko na ukurasa yake. Soma miaka yake, soma mbio ilishakimbia, uone kama ilizoea mbio fupi ao ndefu. Rangi utaangalia nyuma. Na usinunue siku ya kwanza, acha watu wachoke kwanza."

Maneno ya maana kabisa. Ningeyafuata, leo ningekuwa na mke.

Mke mwenyewe anaitwa Vestine, anauza dawa kwenye famasi, tumependana muda mrefu, na kilichokuwa kinatuzuia ni baba yake. Mzee Kabera aliishi Karagwe, Tanzania, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, sasa yuko Kanzenze na ng'ombe wake, na kila Vestine akimgusia habari ya wazee wangu kwenda kuposa, mzee anajibu neno moja tu: "Kijana asiyewahi kufuga hata kuku, binti yangu atamtunza kwa akili gani?" Inauma, jamani! Mimi nalisha nyumba nzima kwa mikono yangu, lakini machoni pa mzee nilikuwa mtu wa vioo vilivyopasuka.

Sasa siku hiyo nimekaa kibandani, mnada wa farasi uko wazi kwenye simu, nikapata wazo (na mimi nikipata wazo, nyinyi kimbieni). Nikajiambia, kwa nini nisimwombe mzee shauri? Wanyama anawajua, ataona namheshimu, huenda moyo wake ukalainika. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Inosenti, mzee. Yule wa..."

"Wa simu. Sema."

"Mzee, nataka kununua farasi, nikaona nikuombe shauri kwanza."

Nikasikia ng'ombe analia huko nyuma yake.

"Farasi?"

"Ndiyo, mzee. Wa mbio."

Hapo ndugu zangu, hapo ndipo nilipotakiwa kuongeza maneno mawili matatu tu, kwamba ni wa mchezo, mzee, wa kwenye simu. Sikuyaongeza, kwa sababu mzee alikuwa ameshaanza kuongea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa tamu.

"Mwanangu," akasema. Mwanangu! "Farasi sijawahi kufuga, lakini mnyama ni mnyama. Mnyama hasomwi, anatazamwa. Chukua jike. Awe mpole, awe na tumbo kubwa, manyoya yang'ae. Anayerukaruka muache, huyo ni hasara tupu. Jike mwenye tumbo ni baraka ya nyumba."

Baada ya kuitwa mwanangu, Hasani na kurasa zake nikawasahau. Niliingia mnadani sikusoma herufi hata moja, nikawa napitisha picha tu, natazama kama nilivyoambiwa, mpaka nikamwona: jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, ametulia, tumbo limejaa, manyoya yanang'aa kama kiatu cha harusi. Na hakuna mtu aliyekuwa anampandishia bei! Nikasema kweli Mungu akitaka kukupa anawafumba wenzako macho. Nikamnunua siku ile ile, nikampa jina la Bihogo, ambalo kwetu ni jina la ng'ombe wa rangi hiyo, nikaona nimemheshimu na mzee humo humo.

"Ulisoma ukurasa yake?" Hasani akaniuliza.

"Nilimtazama."

"Mi nakuuliza kusoma."

"Hasani, mnyama hasomwi."

Alinitazama, pini mdomoni, akarudi kwenye cherehani yake. Bihogo naye, tangu afike zizini, kazi yake ilikuwa kula. Nikimpeleka mazoezini anatembea kama mama anayetoka sokoni. Nikasema ni upole. Vestine akanipigia amefurahi mno, eti baba anawaambia watu Kanzenze nzima kwamba Inosenti kanunua mnyama, na furaha yake ile ikanikata ulimi, nikamwambia tu, "Tutaongea."

Hatukuongea. Jumapili ikafika.

Duka la maziwa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kreti. Patient amevuka na wenzake, wamevaa kama wanaenda harusini, anatangaza kwa sauti, "Leo Gisenyi italia! Mi nimekuja na leso ya kuwafuta!" Mimi sipendi kuchokozwa. Nikamaliza maziwa yangu ya mgando, nikapanda juu ya benchi, nikaanza kumsifu Bihogo vile tunavyosifu ng'ombe kwenye sherehe, sauti ya juu, mkono hewani:

"Bihogo wa mwendo wa mabibi harusi! Bihogo anayepita majirani wakafunga mageti yao kwa wivu! Aliyekuzaa hakulala njaa, atakayekufuata atakula vumbi!"

Watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi nikasikia mtu ananiitikia kutoka mlangoni. Nikageuka. Mzee Kabera! Amevaa kofia yake, fimbo mkononi, na begani mzigo wa majani mabichi ya malisho uliofungwa vizuri, umande bado unadondoka. Nyuma yake Vestine, amependeza, anatabasamu. Kumbe mzee alisema mtu akipata mnyama huendi kumpongeza mikono mitupu, wakaenda kibandani kwangu, majirani wakawaambia, "Inno yuko dukani kwa maziwa, leo farasi wake anakimbia." Mzee aliposikia namsifu mnyama kwa heshima ile, akauweka mzigo chini, akainua mikono juu kama pembe, akacheza. Alicheza mzee yule! Watu wakampisha, wakamshangilia, na mimi juu ya benchi nilikuwa nataka kulia.

"Yuko wapi?" akaniuliza, anahema.

Bado nilikuwa na nafasi. Mungu aliniwekea nafasi ile mbele ya macho, nami nikaipiga teke.

"Mzee, ndiyo anajiandaa kukimbia. Tutamwona kwenye televisheni."

"Ahaa! Yuko Kigali?"

"Ni... mbali kidogo."

Akapewa kiti cha mbele kabisa. Akakaa, majani mapajani, ili ayashike vizuri. Hasani akaninong'oneza, "Inno, sema ukweli sasa hivi," nikamwambia, "Nikishinda nitasema." Nilikuwa nimeshajipangia kwamba Bihogo akishinda, mzee atafurahi, na mtu mwenye furaha unaweza kumwambia lolote.

Televisheni ikaonyesha uwanja, nyasi, jua, kila kitu kama kweli. Farasi wa Patient akatoka, mweusi, mwembamba, anarukaruka (ile hasara tupu tuliyoambiwa). Upande wangu geti likafunguka, hakuna kitu. Kisha yakatokea maandishi makubwa mekundu, maana katika mchezo ule kabla ya mbio farasi anapimwa na daktari. Patient akasimama, akayasoma, akayasoma tena, halafu akajishika kichwa.

"Eh bandugu! Farasi ya Inno haiwezi kimbia! Iko na mimba!"

Kabla mtu hajacheka, mzee Kabera aliruka kutoka kwenye kiti kama kijana.

"Yampaye inka!" akapaza sauti, ndivyo kwetu anavyoshangilia mtu kama aliyepewa ng'ombe. "Ana mimba!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitikisa mbele ya watu wote. "Si nilikwambia? Si nilikwambia jike mwenye tumbo? Umenunua mmoja umepata wawili!"

Duka zima likaanguka. Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa juu ya mwenzake na mwenzake hakukasirika, na kule kwenye televisheni farasi wa Goma anazunguka uwanja peke yake, anashangiliwa peke yake.

"Huyo mweusi anashindana na nani?" mzee akauliza.

"Na upepo, muzee," Patient akamjibu, machozi yanamtoka.

Mzee hakujali. Aliniambia tuwaache wanaocheka, sasa tushughulike na mama. Akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaniomba namba ya mtu anayemtunza Bihogo huko aliko, amweleze asimpe maji baridi, na majani haya aniachie nimpelekee kabla hayajanyauka. Nikatazama chini. Vestine alikuwa ameacha kutabasamu. Alinitazama mimi, akatazama televisheni, akanitazama tena, akaelewa.

"Inno," akasema polepole, "mwambie baba."

Nikatoa simu yangu, nikampa mzee kwa mikono miwili.

"Mzee, farasi yumo humu."

"Humu wapi?"

"Humu ndani. Ni mchezo, mzee. Hakuna farasi."

Kicheko kikakatika. Hata Patient alivua kofia. Mzee aliipokea simu, akamtazama Bihogo, akaigeuza akaangalia nyuma yake, akaigeuza tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Majani haya," akasema, "nimeyakata mwenyewe alfajiri."

Basi. Hakupiga kelele, na angepiga kelele ningeshukuru. Alinirudishia simu, akanyoosha fimbo kwenye mzigo, akasema, "Beba."

Nikabeba kichwani, shati langu jeupe la Jumapili limelowa umande na utomvu. Tulipita katikati ya mji kwenda kutafuta basi, mzee mbele, mimi nyuma, Vestine nyuma yangu, na kila aliyetuuliza habari mzee alimjibu kwa adabu bila kusimama: "Anampelekea farasi wake." Waliotoka misa wakacheka, watu wa pikipiki wakapiga honi, na mteja wangu mmoja aliyeniachia simu yake tangu Ijumaa akaniuliza kama hilo ndilo lililonichelewesha.

Kanzenze nikawalisha ng'ombe yale majani kwa mkono wangu, mzee amesimama pembeni. Alipoona nimemaliza ndipo aliponiambia.

"Kijana, mchezo si kosa. Hata uongo ningekusamehe pale pale. Lakini uliniona nacheza mbele ya watu, na ukaniacha nicheze."

Nilimwomba msamaha. Naye akatoa hukumu: kila Jumapili niende nikate majani, na siku atakayoona inafaa atanituma mnadani peke yangu, ng'ombe wa kweli, bila simu, bila kumuuliza mtu. Nikirudi na ng'ombe wa maana, wazee wangu waje. Nikirudi na mzigo, nisirudi.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkinunua farasi kwenye mchezo ule, someni kurasa, someni miaka, someni mbio zake, na tumbo mwachieni mwenye kufuga. Mimi nimeapa sitamwomba tena mtu mzima shauri bila kumwambia kwanza linahusu nini, hata aniite mwanangu mara mia. Vestine ananisemesha sasa, ingawa kwa mkato. Jumapili iliyopita nilikuwa nimeinama nakata majani, mzee akapita nyuma yangu akaniambia, "Jiandae, ni wiki ijayo." Tangu hapo chakula hakipiti kooni, kwa maana ng'ombe nimewalisha, nimewafagilia mavi, nawajua kwa majina wote, na haki ya Mungu, bado sijui yupi mzuri.