Kidonge Kilichokaa Kwenye Maji Saa Nzima

Mwaka 1977 kidonge kimoja kilikaa kwenye maji saa nzima mbele ya watu watano, kikagoma kuvunjika.

Nilikitengeneza mimi. Miezi minane kabla, vidonge vyangu vilivunjika kwa dakika mbili tu.

Mashine ileile. Vipimo vilevile. Mihogo ya shamba lilelile.

Mtasema nilirogwa. Hata mimi nilisema hivyo. Jibu nilikuja kulipata baadaye, na aisee, afadhali ningerogwa.

Naitwa Nestori, Muha wa Kasulu. Miaka ile nilikuwa mhadhiri msaidizi wa famasia Dar. Kazi yangu haikuwa dawa yenyewe. Ilikuwa kile kinachochanganywa na dawa ili kidonge kishikamane, halafu kikifika tumboni kivunjike.

Kisipovunjika, mgonjwa anakitoa kama alivyokimeza. Msicheke, watu walikuwa wanakufa kwa malaria.

Kitu chenyewe ni wanga. Tulikuwa tunaagiza Ulaya, wa mahindi. Mimi nikasema, jamani, kwetu mihogo imejaa, tunahangaika nini?

Nikaenda Busunzu, Kibondo, kwa shangazi yangu Kezia. Mihogo yake ilikuwa ile michungu. Nikaing'oa, nikaiparuza kwenye bati lililotobolewa misumari, nikakamua, nikachuja. Wanga ukatuama chini ya karai, mweupe pee.

"Shangazi, huu usiuguse. Mwaga maji ya juu tu, kisha uanike."

"Bila kuloweka?"

"Bila kuloweka."

"Na utauweka kwenye dawa ya watoto?"

"Ego, ndiyo, shangazi. Huo ndio utaalamu."

Akalitazama lile karai, akatikisa kichwa.

Kesho yake nikaenda Kasulu kwa Hilali, mwenye duka na lori, anibebee mzigo hadi stesheni ya Kigoma. Mvua ikaharibu barabara. Nikakwama wiki nzima nakunywa kahawa dukani kwake na kubishana naye mpira.

Niliporudi Busunzu, wanga ulikuwa umekauka, umefungwa kwenye kitambaa safi. Nilisikia harufu ya uchachu kwa mbali. Nikajiambia ni hali ya hewa tu.

Dar vidonge vikavunjika kwa dakika mbili. Bwana wee! Wanafunzi walinibeba juu juu. Nikaahidiwa kwenda Uingereza kusomea udaktari wa falsafa.

Kwenye ripoti nikaandika kwamba kila hatua niliifanya kwa mkono wangu na wanga haukuondoka machoni pangu hata siku moja. Nikasaini. Ule mstari ulionekana wa kitaalamu, nikaona haumdhuru mtu.

Mkuu wa idara akaniita. "Kazi nzuri. Sasa rudia, mbele ya kamati. Ukipata majibu yaleyale, unapanda ndege."

Nikarudi Busunzu. Safari hii sikutaka mchezo. Nilikaa kando ya mkeka tangu wanga unaanikwa mpaka unakauka, nafukuza kuku mwenyewe.

Shangazi akawa anapita, anarudi.

"Nestori, huendi Kasulu?"

"Siendi, shangazi."

"Hata kumsalimia Hilali? Si alikufadhili wiki nzima?"

"Shangazi, sitoki hapa!"

Nilimfokea. Akaingia ndani.

Kilichotokea mbele ya kamati mmeshakijua. Saa nzima. Watu watano wanakodolea macho bilauri ya maji, na kidonge kimetulia mle ndani kama kokoto.

"Zile namba za kwanza ulizipika," mkuu wa idara akasema.

Baada ya mwezi nikapewa barua ya kuachishwa kazi. Uingereza akaenda mwingine.

Nilirudi nyumbani nimeisha. Kasulu watu waliniita Daktari kwa kejeli. Nikahamia Busunzu, nikashika jembe.

Siku moja mwaka 1979 namwangalia shangazi akiloweka mihogo, nikamwambia, "Ule wanga wa kwanza ndio ulioniponza. Sijui ulikuwa na nini."

Akaacha kazi. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji.

"Niliuloweka, mwanangu."

"Unasema?"

"Ulipokwenda Kasulu. Niliuacha kwenye maji siku nne mpaka ukachacha, nikausuuza, ndipo nikauanika. Mdogo wangu alikufa mwaka wa njaa kwa muhogo mchungu ambao haukulowekwa. Ningekuacha uwalishe watoto wa watu?"

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Kumbe nilivumbua kitu cha kweli! Wanga uliochachushwa ndio uliovunja vidonge. Na mara ya pili niliulinda mpaka nikauharibu.

"Shangazi, kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Na hukuniuliza. Mara ya pili nilitaka uondoke nikusaidie, ukanifokea."

Nikaandika barua chuoni, kurasa sita. Nilieleza kila kitu, nikaomba nafasi moja tu.

Jibu lilikuwa fupi. "Ulisaini kwamba wanga haukuondoka machoni pako. Sasa unasema uliuacha wiki nzima. Tuamini lipi?"

Nikaandika tena, na tena. Hawakujibu.

Namba sikupika, wallahi. Ila mstari ule mmoja ulikuwa uongo wangu, na ndio uliofunga mlango.

Shangazi Kezia tulimzika 1984. Mpaka anafariki aliamini ni yeye aliyeniharibia maisha. Nilimwambia si kweli, lakini nilimwambia nimechelewa, na nilikuwa nimeshamnunia miaka miwili.

Ninyi mnaosoma, mnaoandika tasnifu zenu huko: kama kuna mkono mwingine umegusa kazi yako, muulize mwenye mkono huo alifanya nini, kisha andika jina lake.

Kwenye ripoti yangu jina la Kezia halimo. Naliandika leo, hapa, ambapo hakuna kamati ya kulisoma.