Ofisi Ilipokata Upande wa Kulia

Saa moja na nusu asubuhi, Kowsar Daud amepiga goti kwenye vumbi nje kidogo ya Habaswein, simu ameishika kwa mikono miwili, na anamwambia ngamia asogee. Ngamia hasogei. Kowsar anasogea yeye, hatua moja kushoto, kisha nusu hatua nyuma.

"Shingo iguse juu kabisa," anaeleza bila kuondoa macho kwenye kioo. "Miguu iguse chini. Huyu mama asimame pembeni, mkono wake ufike ukingoni. Kona zote nne ziwe na kazi."

Kioo cha simu kinaonyesha mraba, pande nne sawa. Ndivyo shirika moja la misaada linavyotaka picha za ukurasa wake wa mtandaoni. Shirika hilo humlipa Kowsar, mwenye umri wa miaka 31, shilingi 3,500 kwa siku ya kazi. Kwenye kibanda chake mjini Garissa, picha nne za pasipoti ni shilingi 200, na kuna siku hapati hata mteja mmoja.

Lakini asubuhi hii hakuna anayemlipa. Amesafiri kwa nauli yake mwenyewe kuja kumpiga picha upya Weris Guleid, mfugaji wa miaka kama sitini hivi, kwa sababu picha ya kwanza ilimvunjia mama huyu heshima na mpaka leo haijaondolewa kwenye ukurasa wa shirika.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka jana. Wakati huo Kowsar alipiga picha pana, na ofisi ya Nairobi ndiyo iliyozikata kuwa mraba. Katika picha hiyo Weris alisimama katikati. Kushoto kwake kulikuwa na mzoga wa ng'ombe mmoja mzee. Kulia kwake, kwenye hori, walikuwa ngamia wake, wazima kabisa, wanakunywa maji.

Ofisi ikakata kulia.

Akabaki mwanamke na mzoga. Chini ya picha wakaandika kwamba Weris amepoteza mifugo yote, hana hata mnyama mmoja. Hilo nalo walilitoa wapi? Kwenye fomu. Kila picha hutumwa na fomu, na fomu ina sehemu ya kuandika idadi ya mifugo iliyobaki. Kowsar aliiacha wazi.

"Mimi ni mtoto wa wafugaji. Huwezi kumuuliza mtu ngamia wake ni wangapi, na yeye hawezi kukutajia. Ni kukosa adabu, na watu wanaogopa jicho baya," anasema. "Nikaacha wazi, nikijua mtu yeyote ataelewa. Wallahi, sikuwaza kwamba kuna mtu ataona pengo aseme ni sifuri."

Mwandishi wa makala haya naye, kwa mazoea ya kazi, alimuuliza Weris ana ngamia wangapi. Alitazamwa mpaka akainamisha macho.

Si jambo dogo. Kwa Wasomali wa huku, mtu aliyeishiwa mifugo huitwa cayr, na neno hilo halimchomi yeye peke yake. Linawachoma ndugu zake, maana wao ndio wanaopaswa kumchangia kabla hajafika huko. Kumtangaza Weris kuwa cayr mbele ya dunia nzima ni kusema ukoo wake umemtupa.

Picha ilizunguka kwenye simu kutoka Garissa hadi Banissa. Siku ya tano, kaka yake Weris, Salah, aliwasili kutoka Wajir na pikapu mbili: moja ina mbuzi tisa, nyingine ina ngamia wa maziwa aliyepigishwa magoti na kufungwa kamba. Akamkuta dada yake akinywesha kundi lake.

"Alilia," Weris anasema kwa Kisomali, Kowsar akitafsiri. "Kwanza kwa furaha, halafu kwa hasira. Alikuwa amesimama msikitini akaomba wale mbuzi kwa jina langu. Sasa watu wanauliza, kati yetu wawili, mwongo ni nani."

Weris alitaka kurudisha wanyama siku hiyo hiyo. Salah akakataa. Mradi picha bado iko, alisema, watu watadai kwamba amemnyang'anya fukara maziwa. Basi wanyama hao wako kwenye zizi lao peke yao. Maziwa ya ngamia yule huenda kwa majirani wenye shida ya kweli, na Weris hajaonja hata tone.

Hayo yanaudhi, lakini majibu ya shirika yanaudhi zaidi. Kowsar amewaandikia barua pepe nne akiomba picha iondolewe. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Ya tatu, afisa mmoja akapendekeza uso wa Weris ufifishwe, "ili kulinda utu wake". Ya nne ndiyo iliyomfanya Kowsar atupe simu kitandani: aliambiwa picha hiyo inaleta michango kuliko nyingine zote, na kuiondoa kungewaumiza wafugaji.

Wafugaji gani? Aliyeumia yuko hapa, ana jina, na hakuna aliyepanda gari kuja kumuuliza.

Kowsar hajitakasi. "Ile fomu niliijaza mimi. Nilimwambia eeddo Weris, nusu ya kosa ni langu," anasema, akimwita mama huyu shangazi kwa Kisomali. Siku hizi anapiga mraba tangu mwanzo. Anaupanga hivi kwamba ukikata upande wowote, utakata shingo ya ngamia au mkono wa mtu, "na hata watu wa ofisini wataona haya kutoa ngamia asiye na kichwa." Na kwenye ile sehemu ya fomu huandika neno moja tu: Wapo.

Shirika halikufurahi. Mwezi uliopita lilimwandikia kwamba picha zake "hazionyeshi uhitaji", na kwamba akitaka mkataba mpya arudie kutuma picha pana, ofisi ikate yenyewe. Mkataba uko mkobani mwake, hajautia sahihi, na anasema hatautia.

"Nitabaki na pasipoti zangu. Pale kibandani, mtu akikaa ndani ya mraba amekuja mwenyewe, na shungi amelipanga mwenyewe."

Weris anaomba simu. Anaitazama picha mpya kwa muda mrefu, akipitisha kidole kwenye kingo zake, kisha kwa mara ya kwanza asubuhi hii anazungumza Kiswahili.

"Hii bicha nzuri," anasema. "Lakini hao watu ikifika kwao, watakata tena."

Ndiyo maana Jumatano ijayo wanawake hawa wawili watapanda basi kwenda kwenye ofisi hiyo ya Nairobi. Weris hajawahi kuvuka Garissa. Kowsar anamtahadharisha kwamba safari ni ndefu, na kwamba huenda askari wa langoni asiwaruhusu kuingia.

"Hakuna shida, eeddo. Mimi nitakaa kwa geti," Weris anamjibu, akimrudishia neno lile lile kama ilivyo desturi ya shangazi wa Kisomali, huku akifunga vizuri shuka lake. "Watoke na mkasi yao. Wakate mimi hapo, nikiona."