Salamu Zilizobaki Ndola

Mgahawa wa Mama Ikram ulikuwa wa mabati, nyuma ya maegesho ya malori pale Tunduma, na ulikuwa na sheria moja tu. Dereva akitoka Zambia au Kongo hanawi mikono kabla hajashusha salamu. Asimame mlangoni na vumbi lake, aseme amepishana na nani, wapi, na ametumwa neno gani kwa nani. Akishamaliza, ndipo birika la maji linamfuata.

“Salamu ni mzigo,” mwenyewe alikuwa akisema, “na mtu hali wali na mzigo kichwani.”

Jina lake hasa ni Pili. Yeye na mumewe, Amri, walihamia mpakani kutoka Kondoa, na kwa miaka kumi na tisa Amri aliendesha lori la saruji hadi Lubumbashi. Miaka yote hiyo habari zake zilimfikia mkewe kwa vinywa vya wenzake. Huyu anasema kamwacha Mpika anabadilisha tairi. Yule anasema kamkuta Kapiri Mposhi, amesema mahindi ya Igamba yanunuliwe mapema. Zilikuwa habari za siku nne au tano nyuma, kweli, lakini zilifika, na anayezileta alikuwa na macho aliyomwonea.

Basi mwaka 2006 likaja gari la matangazo la kampuni moja ikiitwa Sauti Nyumbani. Lina spika juu, vijana wa fulana za njano wanacheza, na bango la bibi mmoja anacheka na simu sikioni hadi magego yanaonekana. Maandishi yalisema: Popote alipo duniani, sauti yake mezani kwako. Walikuwa wanauza simu za mezani zisizo na waya. Sasa ni lazima ujue kwamba simu za mkononi za Tunduma zilikuwa na tabia ya kuvuka mpaka bila pasipoti. Umekaa jikoni kwako unakuna nazi, simu imekwenda kushika mnara wa Nakonde, na salio limeliwa. Hii ya mezani, kijana wa fulana aliapa, haihami. Pili akamwuliza mara mbili kama mtu akipiga kutoka Zambia itaingia. “Hata akiwa mwezini, mama,” kijana akajibu, na watu wakacheka.

Akainunua. Akaifumia kitambaa, akaiweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima. Madereva walimtania bila kuchoka, wakisema mke wa Amri sasa ana simu kama mkuu wa wilaya, tuanze kumwomba miadi. Amri alipoondoka safari ile aliiandika namba ndani ya kofia yake, kisha akawatangazia wenzake kwamba salamu zake wasihangaike nazo tena. Atakuwa anapiga mwenyewe. Pili naye aliitikia kwa fahari. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, nalo lilifanyika mchana kweupe, kila mtu akicheka.

Wiki ya kwanza simu haikulia. Alijiambia labda Amri yuko porini. Ya pili haikulia. Madereva waliingia, wakashusha salamu za wake wengine, wakanawa, wakala. Ya tatu ilipoingia akaanza kuwauliza, akapata jibu lile lile. Hawakuwa wameulizia habari za Amri njiani, maana walijua yeye na mkewe wanaongea kila siku.

Jumatatu akamwacha jirani yake, Yasmini, ameketi mbele ya simu, yeye akavuka hadi Nakonde kwenye kibanda cha simu cha Dina, akapiga nyumbani kwake mwenyewe. Akaisikia sauti ya mwanamke, laini kama siagi: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Akajaribu tena. Mara sita. Aliporudi, Yasmini alikuwa hajabanduka pale, na simu haikutoa hata mlio wa mende.

Akapiga huduma kwa wateja. Huko alipigiwa muziki, akaambiwa abonyeze moja, akabonyeza, akaambiwa abonyeze nne, muziki ukarudi ule ule. Siku ya pili akapokelewa na binti mpole aliyejitambulisha kwa jina la Jenista, aliyemshukuru kwa kuwa mteja wao na kumwelekeza ofisi ya Mbeya.

Jumatano akapanda basi kwenda Mbeya. Karani akamsikiliza, akatoa bango lile lile la bibi anayecheka, akaweka ukucha chini kabisa, penye herufi za ukubwa wa chawa. Vigezo na masharti kuzingatiwa. Laini ya nyumbani, akaeleza, haipokei simu za nje ya nchi mpaka mteja ajaze fomu. Pili akauliza kwa nini basi ile sauti haisemi hivyo, inamwambia mtu ajaribu tena. Karani akasema sauti hiyo imerekodiwa Dar es Salaam, yeye hahusiki nayo. Akampa fomu. Siku saba za kazi.

Jumamosi, saa nane mchana, aliingia Osward, dereva wa Ihanda, rafiki wa Amri tangu ujana. Hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Pili, akamshika mikono yote miwili, akasema, “Shemeji, pole. Nilijua utakuwa umefunga mgahawa.”

“Nifunge kwa nini?”

Osward akaachia mikono, akatafuta benchi.

Amri aliugua Ndola. Alilala hospitali siku kumi na moja, akafa, na watu wa msikitini wakamzika siku hiyo hiyo. Osward alipita kumwona siku mbili kabla. Alimkuta ameinuliwa kwa mto, simu ya kuazima mkononi, anapiga, anasikiliza, anasema anaambiwa ajaribu baadaye. Akapumzika, akapiga tena. Osward alifikiri ni mtandao tu, na kwamba siku nyingine huwa inaingia.

Pili hakulia bado. Aliuliza swali la mgahawa wake.

“Alikutuma nini?”

“Nilimwambia nipe neno nimpelekee,” Osward akasema, akitazama sakafu. “Akasema hili si la kubebwa na mtu. Nitamwambia mwenyewe, simu anayo.”

Baada ya arobaini Pili alipiga tena huduma kwa wateja. Alisubiri muziki mpaka ukaisha. Alitaka kujua jambo moja, simu zilizopigwa zisiingie huwa zinakwenda wapi. “Haziendi popote, mama, zinakatika,” binti wa zamu akajibu, kisha akauliza kama kuna kingine cha kumsaidia.

Sheria ya mgahawa iliendelea kama zamani. Osward bado anapita pale, na kila akitoka Zambia anasimama kwanza mlangoni na vumbi lake, hata kama hana neno la mtu yeyote. Pili naye humwuliza.

“Umenishushia nini?”

“Sina, shemeji.”

“Haya,” husema, akimletea birika. “Nawa mikono.”