Jina la Baba Mkwe Halitajwi

Jumamosi ile ya Keko, mtaa tuliokuwa tunaishi, naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyovunja mwiko ambao mama yangu aliniusia siku naolewa.

Kwetu bara mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji jikoni, hataji sokoni, na akiweza hataji hata ndotoni. Mama aliniambia ukilitaja ukiwa na mimba, mtoto atazaliwa bubu. Usicheke. Nilikuwa nimesoma, nafundisha chekechea, lakini kuna mambo mtu huyaamini tumboni hata kichwa kikiyakataa. Na siku hizo nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Sasa baba mkwe wangu alipewa jina la kile kifaa cha kupigilia misumari, na mume wangu, Yona, alikuwa fundi wa makochi pale pale Keko. Kutwa nzima kifaa kinatajwa! Mie nilikiita "kigongeo". Mafundi walinicheka mpaka wakachoka.

Mzee akaja kututembelea. Alikuwa mrefu, mkimya. Nampigia goti kwa mbali, "Shikamoo baba," anaitika, "Marahaba, mama," na mazungumzo yetu yameishia hapo. Jumamosi hiyo Yona alikwenda Mwenge kumfungia mteja kabati. Nikasikia kishindo uani. Kutoka, mzee yuko chini, macho yamegeuka, jasho linamtiririka. Nikampigia Yona, simu ikaita tu. Jirani akanisaidia kumpakia kwenye bajaji.

Hospitali, nesi akaniuliza kutoka dirishani, "Jina la mgonjwa?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Dada, nimeuliza jina."

"Baba yake Yona."

Akaweka kalamu chini. "Wanamtoa damu sasa hivi, na mie siwezi kuipeleka maabara haina jina. Unamjua huyu mzee, au umemwokota?"

Mtoto akacheza tumboni, nami nikashika tumbo kwa mikono yote miwili, kama vile namziba masikio. Nikageuka kumtazama mzee. Midomo yake ilikuwa imeshakuwa ya kijivu.

"Nyundo," nikasema. Sauti haikutoka. Nesi akainama asikie.

"Nani?"

"Nyundo!"

Korido nzima ikageuka.

Sukari ilikuwa imemshuka mno. Wakamtundikia dripu, na jioni alikuwa anaulizia chai. Mie nilikaa pembeni ya kitanda. Shangazi yake Yona, Debora, alifika kutoka Chamazi, akauliza ni nani aliyemwandikisha kaka yake. Nikainamisha uso. Akaelewa.

"Amekutaja, kaka! Tena na mimba juu! Huyu arudishwe kwao akafundishwe upya."

Nikapiga goti palepale kwenye sakafu ya wodi, nangoja kuambiwa nikafungashe. Mzee akanitazama usoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Kumbe unalijua," akasema. "Mimi nilidhani hawakukwambia." Kisha akamgeukia dada yake. "Debora, ulitaka aninyamazie nife kwa heshima?"

Shangazi akaangalia dirishani.

Ungedhani hofu yangu iliishia hapo. Haikuisha. Nilijifungua mtoto wa kiume, akalia vizuri tu, lakini watoto wa rika lake walipoanza kusema "mama", yeye kimya. Nilikuwa nampigia makopo kisogoni nione kama atageuka. Anageuka, anatabasamu, basi. Usingizi ulinipaa. Mzee alipokuja tena, wakati huo tumeshazoeana, nilimweleza yote.

Akacheka taratibu. "Yona naye alichelewa hivyohivyo. Mama yake alilia weee, na yule hakuwahi kumtaja baba yangu hata siku moja."

Mtoto alikuja kusema kwa wakati wake, na mpaka leo hanyamazi.

Basi, mwanangu, sikwambii uwaite wakubwa zako kwa majina kama wa rika lako. Magoti niliyopiga siyajutii. Ninachokuomba ni hiki: lijue jina la mkubwa wako, la kwake na la baba yake, ujue anaumwa nini na anameza dawa gani. Nyie kwenye simu mmeandika "Bi Mkubwa" na "Mshua" tu. Ukiulizwa jina utajibu nini? Na ukilazimika kuchagua kati ya mwiko na mtu, mshike mtu kwanza, hayo mengine mtayazungumza akiwa hai. Utaogopa, kama nilivyoogopa mie. Usingoje hofu iishe ndipo ufanye.

Mungu akuachie wakubwa wa kuwasalimu wakakuitikia, na likikufika la ghafla, aufungue mdomo wako mapema. Amina.